Mama ametumwa MRI baada ya eksirei na altrasaundi: je, tunazungushwa?

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Ninaandika kutoka Tanga kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 62. Kwa miezi minne sasa anaumwa kiuno, na maumivu yanashuka kupitia paja hadi mguu wa kushoto. Tangu mwezi uliopita analalamika kwamba unyayo wa mguu huo una ganzi, na mara mbili kandambili ya mguu huo imemvuka njiani bila yeye kujua, kwa kuwa mguu hausikii kitu.

Tulianzia hospitali ya hapa. Alipigwa eksirei ya kiuno, tukaambiwa pingili zimechakaa kidogo kwa sababu ya umri. Baadaye alipimwa altrasaundi ya tumbo, nayo ikaonyesha kwamba figo ni salama. Sasa daktari ameandika rufaa ili aende Dar es Salaam akafanyiwe kipimo cha picha kiitwacho MRI, na gharama yake, ukiongeza nauli na mahali pa kulala, si ya mchezo kwetu kwa kuwa mama hana bima.

Nyumbani hatuelewani. Mjomba anasema hii ni biashara, kwamba kama mashine mbili za kwanza zilikuwa hazina uwezo basi tungepelekwa kwenye kubwa tangu mwanzo. Jirani, ambaye mumewe alipigwa siti skani ya kichwa baada ya ajali ya bodaboda, anasema siti skani na MRI ni kitu kimoja, tutafute iliyo nafuu. Mama mwenyewe anaogopa kwamba kwa kuwa mashine ni kubwa, mionzi yake nayo itakuwa mikubwa, na kwamba ataingizwa kwenye pango. Isitoshe, mwaka 2011 alivunjika mguu wa kulia akawekewa chuma ambacho hakijatolewa hadi leo. Atakayemsindikiza ni mdogo wangu wa kike, naye ana mimba ya miezi mitano.

Naomba unieleze mashine hizi zinafanyaje kazi, ili niweze kuzungumza na wazee kwa hoja.

Mwana mwenye wasiwasi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na umfikishie mama pole zangu. Nilifanya kazi katika chumba cha picha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hoja ya mjomba wako niliisikia kwenye dirisha la mapokezi karibu kila wiki. Ndani ya hoja hiyo imo dhana kwamba mashine hizi zimepangwa kama ngazi, eksirei ikiwa chini na MRI ikiwa juu, na kwamba zote zinatazama kitu kilekile, ila ya juu ina macho makali zaidi. Sivyo zilivyo. Kila moja hutumia nguvu ya aina yake kuuliza mwili swali la aina yake, na yapo mambo ambayo eksirei ya bei ndogo huyaona vizuri kuliko MRI.

Tuanze na eksirei, kwa kuwa ndiyo mzee wa ukoo. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana iliyopenya karatasi nzito na kung'arisha kibao kilichokuwa mbali na chombo chake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya kwanza kabisa kutolewa. Mpaka leo msingi wa kazi haujabadilika. Ndani ya mashine kuna kichupa kisicho na hewa. Waya hupashwa moto ukatoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, umeme wa maelfu mengi ya volti ukazivuta kwa kasi kubwa, zikagonga kipande cha madini ya tangisteni. Karibu asilimia 99 ya nguvu ya kipigo hicho huishia kuwa joto tu, na kiasi kidogo kinachobaki ndicho mionzi inayopita mwilini mwa mgonjwa na kupokelewa upande wa pili.

Kinachopokelewa ni kivuli. Ukiweka mkono mbele ya karabai usiku, ukutani unaona umbo la mkono; eksirei hufanya hivyohivyo, isipokuwa mwanga wake hupenya nyama kwa urahisi na kuzuiliwa na mfupa, kwa sababu mfupa una kalsiamu nyingi. Ndiyo maana mfupa huonekana mweupe, hewa ya mapafuni nyeusi, na nyama, maji na damu huwa na rangi ya kijivu inayofanana kiasi kwamba si rahisi kutenganisha kimoja na kingine. Sasa fikiria kiuno cha mama. Kati ya pingili na pingili kuna gegedu laini, ambazo hospitalini huitwa diski, na nyuma yake hupita mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Diski haina kalsiamu ya kutosha kuacha kivuli, na mshipa wa fahamu hauna kabisa. Eksirei ya mama, kwa hiyo, haikushindwa kazi; iliulizwa kama kuna mfupa uliovunjika, ulioliwa na ugonjwa au uliohama mahali pake, nayo ikajibu kwamba hakuna isipokuwa uchakavu. Swali la mshipa uliobanwa haikuulizwa, na hata ingeulizwa isingeweza kulijibu.

Altrasaundi haina mionzi hata kidogo. Kile kifaa kinachotembezwa juu ya ngozi kina vipande vya fuwele ambavyo vikipitishiwa umeme hutetemeka na kutoa sauti, lakini sauti ya mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia mitetemo 20,000 hivi. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapokuta mpaka, kwa mfano kati ya nyama ya figo na mkojo uliomo ndani yake, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mtu akipiga kelele kisimani, mwangwi unaochelewa humjulisha kwamba kisima ni kirefu. Mashine nayo hupima uchelewaji, na kwa kitu kilicho kina cha sentimita 10 mwangwi hurudi ndani ya sehemu 130 za milioni ya sekunde. Kompyuta hukusanya miangwi hiyo yote na kuichora kama picha inayocheza papo hapo.

Udhaifu wake ni hewa na mfupa. Hewa huirudisha karibu sauti yote, na ndiyo sababu mgonjwa hupakwa ile jeli ya baridi, ili pasibaki hata upenyo mwembamba kati ya kifaa na ngozi, na ndiyo sababu pia baadhi ya wagonjwa huambiwa waje na njaa. Mfupa nao husimama kama ukuta. Diski na mishipa ya mama imezungukwa na mifupa ya uti wa mgongo, kwa hiyo altrasaundi haiwezi kuifikia. Daktari aliitumia kwa sababu mawe kwenye figo nayo huleta maumivu ya kiuno, na ilikuwa haki kuyaondoa kwenye orodha kwa kipimo cha bei nafuu kabla ya kuwatuma mbali. Hapo naona daktari wenu alipanga kazi yake vizuri.

Nije kwa jirani. Siti skani ni mtoto wa eksirei. Badala ya mionzi kupigwa kutoka upande mmoja, kichupa huzunguka mwili mzima huku vipokezi vikipima ni kiasi gani kimepita kutoka kila pembe, kisha kompyuta hupiga hesabu na kuujenga upya mwili kwa matabaka, kama mkate wa boflo uliokatwa vipande ili uone ndani ya kila kipande badala ya kutazama ganda la nje. Hesabu za msingi zilifanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, na mashine ya kwanza ya hospitali ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa jijini London mwaka 1971, na wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979. Napenda kuwakumbusha vijana kwamba sehemu ya wazo hili ilianzia katika hospitali ya Kiafrika.

Mume wa jirani alipelekwa siti skani kwa sababu nzuri: damu iliyovuja kichwani huonekana humo ndani ya dakika chache, na mtu aliyeanguka na bodaboda hana nusu saa ya kulala kimya ndani ya MRI. Kwa majeruhi, kwa kiharusi cha ghafla na kwa mapafu, siti skani ndiyo ya kukimbilia. Lakini swali lake bado ni lile la eksirei, yaani ni kiasi gani cha mionzi kinazuiliwa na kila sehemu ya mwili. Diski iliyotoka mahali pake inaweza kuonekana humo, na kwa mgonjwa asiyeweza kabisa kuingia kwenye MRI madaktari huitumia, ila mshipa wenyewe na namna ulivyobanwa hauonekani kwa uwazi uleule. Siti skani na MRI zinafanana kwa umbo la nje tu. Yeyote anayeziona kwa mara ya kwanza huona kitanda na tundu, akadhani ni mashine moja.

Sasa MRI yenyewe, ambayo nitaikalia kidogo kwa kuwa ndiyo inayomkosesha mama usingizi. Sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji, na kila chembe ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha atomu hiyo hufanya kama sindano ndogo sana ya dira. Katika maisha ya kawaida sindano hizo huelekea ovyo, kila moja upande wake, lakini mgonjwa akiingizwa ndani ya sumaku yenye nguvu, idadi fulani hujipanga kuufuata uelekeo wa sumaku. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayozungusha dira ya nahodha. Hapo mashine hutuma mawimbi ya redio, ya masafa ya megahezi 64 hivi, ambayo hayako mbali na yale ya FM mnayosikilizia taarifa ya habari. Mawimbi hayo huzisukuma sindano zikatoka kwenye mstari. Yakikatwa, zinarudi taratibu, na katika kurudi hutoa mawimbi hafifu ambayo mashine huyanasa.

Ujanja wote umo katika neno hilo, taratibu. Haidrojeni iliyo kwenye mafuta hurudi kwa mwendo tofauti na ile iliyo kwenye maji, na ya kwenye mshipa wa fahamu hutofautiana na ya kwenye msuli. Kwa hiyo tishu ambazo kwa eksirei zote ni kijivu kimoja, hapa hujitenga waziwazi. Diski ya mtu ambayo bado ina maji yake, katika aina fulani ya picha, hung'aa. Iliyochakaa na kukauka huwa nyeusi. Na iliyochomoza nyuma ikaukandamiza mshipa huonekana ikiukandamiza. Hilo ndilo swali la unyayo wenye ganzi, na ndiyo maana daktari amewatuma huko.

Mwambie mama kwamba katika MRI hakuna mionzi ya aina ile ya eksirei, hata tone. Mashine kubwa kuliko zote ndiyo isiyo na kile anachokiogopa. Ukubwa wake unatokana na sumaku, ambayo nyaya zake hupoozwa kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kuwa majimaji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na hiyo ni sehemu ya sababu kipimo chenyewe kina gharama. Hata ile eksirei aliyopigwa haipaswi kumtisha. Binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, wastani wa dunia ukiwa milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi inayopokelewa na mwili). Eksirei ya kifua huongeza kama 0.1 au pungufu, ya kiuno takriban 1.5, na siti skani ya tumbo inaweza kufika 8 hadi 10. Mionzi hiyo haibaki mwilini. Ikizimwa imekwisha, kama taa ikizimwa giza hurudi. Hatari ya baadaye kwa picha moja ni ndogo, lakini haifai kurundika picha bila sababu, na siti skani ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi. Hapa nchini vituo vyenye mashine za mionzi huwa chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki.

Hatari ya kweli ya MRI ni chuma, na hapa nakuomba usikilize kwa makini kwa sababu umetaja mguu wa mama. Sumaku ile haizimwi jioni. Inavuta usiku na mchana, awepo mgonjwa au asiwepo. Mwaka 2001 katika jimbo la New York, Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kwa bahati mbaya uliruka kuelekea ndani ya sumaku na kumuua mtoto aliyekuwa akipimwa. Chuma alichowekewa mama mfupani ni jambo jingine, kwa kuwa vyuma vingi vya mifupa hutengenezwa kwa madini yasiyovutwa kwa nguvu, tena vimefungwa kwa skurubu na kushikwa na mfupa, na kwa kawaida havizuii kipimo. Hata hivyo uamuzi si wangu wala wako. Mweleze daktari sasa hivi, kabla hamjakata tiketi, na mchukue barua au cheti cha upasuaji wa mwaka 2011 kama kipo. Vitu ambavyo huweza kumzuia mtu kabisa ni kama vile baadhi ya vifaa vya kuendesha mapigo ya moyo, vibanio vya zamani vya mishipa ya kichwani, na chembe za chuma zilizoingia jichoni, jambo ambalo mafundi wa kuchomelea huulizwa kila mara.

Siku ya kipimo avue bangili, hereni, kipini cha pua na pini za ushungi. Asipake wanja, kwa kuwa vipodozi vingine vya macho vina chembe za madini. Na kama amevaa hirizi, aitoe bila kuona haya. Nimeshapokea nyingi mkononi na kuzitunza kwenye droo mpaka mwenyewe alipotoka, na hakuna aliyechekwa. Simu na kadi ya benki visiingie, vitaharibika.

Kuhusu pango: tundu liko wazi pande zote mbili, lina taa, na atapewa kibonyezo mkononi cha kuita wahudumu wakati wowote. Kelele atakazosikia, mfano wa mtu anayegonga bati, ni za nyaya zinazobadilisha nguvu ya sumaku ili mashine ijue kila wimbi limetoka wapi. Atapewa vizibo vya masikio. Kipimo cha kiuno huchukua kama nusu saa, na lazima atulie, maana akijigeuza picha huchafuka. Muulize mhudumu kama anaweza kuingizwa kwa miguu kwanza. Wanaoogopa sana nimewaona wakifaulu kwa kufunikwa macho kwa kipande cha kanga kabla kitanda hakijaanza kusogea, na wakishindwa daktari anaweza kuagiza dawa ya kutuliza.

Mdogo wako anaweza kumsindikiza hadi chumba cha kusubiri bila shida yoyote, lakini asiingie kwenye chumba cha sumaku wakati kipimo kinaendelea. Na kama mama atapigwa eksirei nyingine, atoke nje ya chumba hicho kabisa, na ataje mimba yake hata kama hajaulizwa.

Nimemwacha mjomba mwisho kwa sababu hajakosea kila kitu. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na ukiwapiga MRI watu wa umri wa mama wasioumwa popote, wengi wao utawakuta na diski zilizochakaa. Kwa hiyo kumtuma kila mwenye kiuno kwenda MRI ni kupoteza fedha, na wakati mwingine ni kumzalishia mgonjwa hofu mpya. Swali ambalo familia ina haki ya kumuuliza daktari, kwa adabu, ni hili: majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini katika matibabu? Kwa mama jibu naliona: miezi minne, mguu mmoja, na ganzi inayozidi, ni dalili kwamba mshipa unaweza kuwa umebanwa, na kabla ya kuamua kati ya mazoezi, sindano na upasuaji lazima ijulikane umebanwa wapi na kwa kiasi gani. Muulizeni pia kama hospitali mnayokwenda ina ofisi ya ustawi wa jamii, ambako wagonjwa wasio na bima husikilizwa. Na mbebe picha ya eksirei pamoja na majibu ya altrasaundi, msije mkalipia upya kilichokwisha kufanyika.

Jambo moja lisisubiri tarehe ya rufaa. Mama akianza kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au mkojo ukakataa kutoka, au ganzi ikahamia sehemu za siri na mapaja ya ndani, au unyayo ukashindwa kabisa kunyanyuka, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mshauri wako